Pumzi Ndani ya Kaseti ya Abti

Wiki moja baada ya kumzika Ayeeyo, bibi yangu mzaa mama, tulifungua sanduku lake la mbao, na kabla hatujaona kitu tukapokewa na harufu ya uunsi, ule ubani wetu unaopikwa na sukari na manukato. Chini kabisa, chini ya nguo za Idi na vyeti vya watu waliokwisha kufa, palikuwa na mtandio mweusi umekunjwa mara nne. Ndani yake mlikuwa na kaseti. Mimi ni mtu mzima, nina watoto, na kazini wapo wanaoniogopa. Lakini nilipoishika ile kaseti kifua kilinibana, nikawa tena na miaka tisa na jambo la kuficha.

Nyinyi wa rika langu mliokulia Garissa hamhitaji kuelezwa habari za kaseti. Simu ilikuwa ya posta, ya kupanga foleni, na barua ilitaka mtu wa kuwasomea wazee. Kwa hiyo aliyekuwa mbali aliketi akazungumza mbele ya redio yenye kinasa sauti, akasalimia watu mmoja mmoja kwa majina, kisha akampa msafiri kaseti ailete. Upande wa kwanza ulikuwa wake. Upande wa pili tulijaza sisi, na kaseti ikarudi ilikotoka. Ndiyo maana hakuna aliyevunja vile vijimeno vya plastiki vya mgongoni, ambavyo ukivivunja kaseti hairekodiki tena. Kuvivunja kulikuwa sawa na kumwambia mtu kwamba hutaki jibu lake.

Aliyekuwa mbali kwetu sisi ni Abti Dahir, mjomba wangu. Alikuwa ndiye mtoto wa kiume aliyebaki kwa Ayeeyo. Kaka yake mkubwa aliuawa na majambazi kwenye barabara ya Balambala akiwa juu ya lori la mbuzi. Sikumjua, lakini nilikua nikisikia alivyokufa: dereva alisimamishwa, akaamriwa azime injini, pakawa kimya, kisha zikalia risasi. Ayeeyo hakuwahi kuisimulia habari hiyo akaruka pale injini ilipozimwa. Baadaye Abti akapata njia ya kwenda ng'ambo, akahangaika huko mpaka akaishia kwenye kiwanda cha samaki katika pwani ya kaskazini kabisa, mahali ambapo Ayeeyo hakuweza hata kuelekeza kidole.

Aliondoka na pumu yake. Katika ukoo wetu pumu ilichagua watu wawili tu, yeye na mimi. Alipoondoka, Ayeeyo alinihamishia kwenye mkeka wake, akawa analala mkono wake ukiwa kifuani mwangu, kama alivyofanya kwa mwanawe. Nikianza kukoroma kwa ndani, ule mlio wa filimbi, aliamka kabla yangu.

Kaseti ninayoisimulia ilifika wakati shule zimefungwa, mnamo saa sita mchana. Aliileta jirani yetu aliyekuwa akichukua nguo Nairobi, akaniachia mlangoni. Hooyo, mama yangu, alikuwa sokoni akiuza maziwa ya ngamia. Ayeeyo alikwenda kumwona mwanamke aliyejifungua. Sheria ya nyumba ilijulikana: kaseti ya Abti haiguswi mpaka Ayeeyo aketi, na sikio la kwanza ni lake. Nikaiweka juu ya kabati. Nikaiangalia. Nikapanda juu ya debe nikaishusha.

"Mama, assalamu alaykum," Abti alianza, na nyuma yake injini ilikuwa ikinguruma. "Hapa nilipo si kiwandani. Leo ni mapumziko, tajiri wetu ametupakia mashuani twende tukaone nchi. Ningeweza kukutumia macho yangu ningekutumia. Basi chukua sauti."

Alisema milima ya huko imetia miguu baharini, juu nyeupe, katikati misitu myeusi, chini maji. Alisema mnyama mkubwa kuliko lori la mifugo ametoka majini mbele yao, akapuliza maji juu, akazama, "umemsikia?", na kweli nilisikia kitu kikipuliza. Ufuoni palikuwa na dubu anavua samaki kwa mkono, na hakuna aliyemfukuza. Jua nalo lilikataa kuzama. Walisali isha huku linawatazama.

"Sasa mbele yetu kuna ukuta wa barafu," akasema, na sauti yake ikashuka. "Wanasema ni mto. Mto ulioganda, unashuka mlimani mpaka baharini. Rangi yake buluu, Mama. Chukua msikiti wetu mkubwa, uweke juu yake msikiti mwingine, bado hujafika juu. Mzee wa mashua anazima injini. Anasema tunyamaze. Nyamazeni na nyinyi."

Injini ikazimika. Maji yakawa yanapiga mbao za mashua polepole. Kisha ukatokea mlipuko ambao sijui niuandike vipi, mlipuko mkavu, na baada yake ngurumo ndefu, na watu wengi wakapiga kelele kwa lugha nisiyoijua.

Nikabonyeza kitufe cha kuzima.

Barafu niliyoijua mimi ilikuwa ile nyekundu ya kwenye nailoni, iliyouzwa langoni pa shule, ambayo ukichelewa kuinyonya inakuteremkia hadi kwenye kiwiko. Barafu ya kuzidi misikiti miwili niliiona ni uongo, tena wa mtu mzima anayeficha jambo. Nikajiambia Abti yuko vitani. Ukuta ule ni wa kambi, wamezimishwa injini kama lori la mbuzi, na sasa wamepigwa.

Nikataka kusikia kama yuko hai. Nikabonyeza tena, kwa haraka, vitufe viwili vikaingia pamoja. Kaseti ikazunguka bila sauti. Nikaweka sikio karibu kabisa na redio, kinywa wazi, kifua kimeshaanza kupiga filimbi, nikingoja aseme neno. Hakusema. Nilingoja, nikapumua, nikangoja, kisha nikatoka mbio, nikausukuma mlango wa mabati, nikajificha nyuma ya pipa la maji. Huko nilikaa mpaka adhana ya adhuhuri ikapita.

Niliporudi, redio ilikuwa inalia peke yake. Haikuwa ya kujizima, ile redio yetu. Kaseti ilikuwa imefika mwisho na mota inalalamika. Nikainama kuizima ndipo nikakiona. Kitufe chekundu kilikuwa chini, kile ambacho Hooyo alikibonyeza tulipokuwa tunamjibu Abti. Nilikuwa nimerekodi juu ya maneno yake, kuanzia zile kelele za baada ya mlipuko hadi mwisho wa upande. Lolote alilolisema baada ya pale nililifuta mimi, na hakuna mtu duniani angeweza kulirudisha. Nikairudisha kaseti nyuma, nikaipandisha juu ya kabati. Nilimwomba Mungu umeme upotee mwaka mzima, nikisahau kwamba redio yetu ilitumia betri.

Baada ya alasiri tuliketi wote, majirani pia. Ayeeyo alivaa mtandio safi kana kwamba mwanawe angemwona. Alicheka habari za dubu. Alikasirika kwa ajili ya jua. Injini ilipozimwa, nilimwona akishika goti la Hooyo.

Mlipuko ukalia. Kelele zikafuata. Halafu redio ikatoa pumzi: nzito, za karibu, zenye filimbi ndani yake, moja, nyingine, nyingine.

"Ni yeye," Ayeeyo akasema. "Ni kifua chake. Nimekisikiliza miaka ishirini, ni mwanangu huyo anakata roho." Na mkono wake ukazima redio.

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Mpaka leo napajua, ningeweza kukuonyesha kwenye mkeka. Lakini Hooyo alipiga ukunga, wanawake wakaingia, mtu akanisukuma pembeni nisikanyagwe, na neno langu likapitwa na wakati.

Siku zilizofuata Ayeeyo hakula isipokuwa chai. Kila baada ya swala aliiwasha kaseti, akaipeleka mpaka kwenye pumzi, akasikiliza tatu nne, akaizima pale pale. Hakuthubutu kwenda mbele, kwa sababu mbele, alisema, zitakoma. Mimi nilijua kilichokuwa mbele. Hatua zangu zilikuwamo, na mlango wetu wa mabati, na punda wa mchota maji, na adhana ya Maalim Bare, muadhini wa msikiti wa jirani, ambaye ilikuwa lazima akohoe mara mbili kwenye kipaza sauti kabla ya kuanza. Kila Ayeeyo alipoweka kidole kwenye kitufe nilitamani achelewe kidogo, na papo hapo nilitamani asichelewe.

Kifua changu nacho hakikunionea huruma. Kilianza kupiga filimbi mchana kutwa. Ayeeyo katika majonzi yake hakusahau desturi: aliketi mkono mmoja kwenye redio na mmoja kifuani mwangu. Pumzi za kwenye kaseti na zangu zilikuwa zinatoka pande zake mbili, naye hakuzilinganisha. Nilikuwa nabana zangu ili zisifanane, nikibana mpaka naona nyota. Akadhani nazidiwa, akanikandamiza kwake zaidi.

Siku ya nne akamwita Mwalimu Mutua. Huyu alikuwa mpangaji wetu, mtu wa Makueni, mwalimu wa jiografia. Kisomali hakujua, kwa hiyo Ayeeyo alimkabili kwa Kiswahili chake cha sokoni.

"Mwalimu, wewe nasoma kitabu mingi. Sikia hii, bole bole. Hii sauti ya nini? Si bunduki nabiga?"

Hooyo alimtafsiria maneno ya Abti, Mwalimu akasikiliza mlipuko mara tatu, ameinamisha kichwa.

"Mama, mimi barafu niliyoiona maishani ni ya kwenye soda," akasema. "Lakini nimesoma. Barafu ile hukatika, kipande kikubwa kama jengo, kikianguka baharini hulia kama mzinga. Watu huenda kuitazama. Huenda hao wanapiga kelele za furaha."

Ayeeyo alimtazama. Niliona tumaini likimjia usoni, wallahi nililiona. Kisha akaisogeza kaseti mbele kidogo, na zile pumzi zikaanza.

"Haya. Na hii bumzi ya nani?"

Mwalimu akatikisa kichwa. "Hapo, Mama, sina jibu."

Jibu lilikuwa limeketi hatua mbili kutoka kwake, likihesabu nyuzi za mkeka. Nilijichukia. Ninasema wazi kwa sababu watu wazima hupenda kusema mtoto hakuelewa. Nilielewa yote. Nilikuwa naogopa kiatu cha Hooyo, na zaidi ya kiatu, nilikuwa naogopa siku ambayo Ayeeyo ataondoa mkono wake kifuani mwangu.

Mwalimu akajitolea kwenda posta kupiga simu kiwandani, kwa kuwa Kiingereza alikuwa nacho. Alikwenda siku mbili bila kupata laini. Siku ya tatu akarudi anatembea taratibu, na Hooyo alimwelewa kabla hajasema. Mtu aliyepokea simu alikuwa na haraka. Alisema Dahir hayupo tena pale. Halafu simu ikakatika.

Hayupo tena pale. Kwa watu waliokuwa na kaseti kama yetu, maneno hayo yalitosha. Ikaamuliwa kwamba Alhamisi baada ya alasiri wanaume wakutane uani kwetu, wamswalie Abti swala ya maiti aliye mbali. Mbuzi akaletwa, akafungwa kwenye mti wa mwarobaini. Nilimpa majani. Nikawaza kwamba kesho yule mbuzi atakufa kwa ajili ya mtu ambaye labda sasa hivi anakula samaki, na kwamba watu wakishamswalia mtu hawawezi tena kumngoja.

Alhamisi ua ulijaa. Maalim Bare alikuja mapema na kanzu yake ya Ijumaa, akaketi karibu na mlango. Ayeeyo akatokea mlangoni, ameshika redio kwa mikono miwili, mdogo amezidi kuwa mdogo.

"Kabla hamjamswalia," akasema, "nataka nimsikilize mara moja. Baada ya hapo nitaitoa betri."

Akakaa kizingitini, akanivuta kando yake. Hakuweka salamu wala milima. Alianzia kwenye pumzi. Moja. Ya pili. Ya tatu. Kidole chake kikaenda kwenye kitufe, nami nikakishika kwa mikono yangu yote miwili.

"Ayeeyo, usizime. Acha iende."

"Niachie, mtoto."

"Iache iende, Ayeeyo, naomba. Iache."

Nilikuwa nalia, na labda ndiyo maana hakunivuta. Kaseti ikaendelea. Zikapita pumzi nyingi kuliko alizowahi kuzisikia, kila moja akiisindikiza kwa midomo. Kisha zikakoma. Ayeeyo akafumba macho. Zikafuata hatua za mtoto asiye na viatu, mbio, na mlango wa mabati ukagonga ukuta. Ulikuwa mlango ule ule aliouegemea. Punda akalia, mchota maji akamtukana kwa jina lake, na watu wa mlangoni wakaanza kutazamana, kwa kuwa punda yule alijulikana bula nzima, mtaa wetu wote.

Ikawa kimya. Halafu kikohozi. Kikohozi cha pili. Na adhana.

Maalim Bare akasimama. "Huyo ni mimi," akasema, kwa mshangao wa mtu aliyekutana na nafsi yake njiani. "Jamani, huyo ni mimi!"

Hakuna aliyecheka. Ayeeyo alinigeukia. Sikuweza kusema sentensi nzima, niligusa kitufe chekundu, nikagusa kifua changu. Alinishika mabega, akalaza sikio lake pale alipokuwa akiweka mkono siku zote, akasikiliza. Nilipumua. Sikubana tena. Filimbi ikalia ndani na nje mbele ya wanaume wote wa bula, na yeye hakutoa sikio lake mpaka akahakikisha.

Kisha akanizaba kofi. Moja, la nguvu, sikio likavuma. Na kabla sijaanguka akanikumbatia, akanigandamiza mpaka sikupata hewa kabisa, akisema, "Si yeye. Si yeye. Si yeye." Hooyo alikuwa na kiatu mkononi tayari. Akabaki nacho hivyo hivyo.

Hawakuswali. Mbuzi alichinjwa, kwa sababu wageni walikwisha kukaa, na Maalim Bare ndiye aliyepewa ini. Lakini hatukuwa tumepata mtu, tulikuwa tumempoteza maiti tu, na kungoja kukaanza upya, kubaya kuliko mwanzo. Ayeeyo alikuwa akishtuka kila gari liliposimama nje. Mkono wake haukuondoka kifuani mwangu, ila hakusema nami kwa siku kumi na mbili. Siku ya kumi na tatu ikaja kaseti nyingine, na picha moja: Abti amevaa koti la manjano, nyuma yake ukuta wa buluu unaoziba mbingu.

Alikuwa na hasira. Samaki wamekwisha, amehamia kiwanda kingine, na mbona hatujamjibu? "Nilitembea na kinasa sauti mfukoni siku nzima ili msikie barafu ikianguka. Tulishangilia mpaka sauti zikakauka. Hamkuipenda?"

Miaka mingi baadaye alipokuja likizo nilimuuliza alisema nini upande ule, baada ya kelele. Alifikiri, akakuna ndevu. "Nilimwambia Mama maneno fulani," akasema. "Nilikuwa na furaha sana siku hiyo. Sikumbuki ni yapi." Ayeeyo alikuwepo, akaendelea kukoroga chai yake. Kwa hilo hakuwahi kunilaumu, na ndilo linaloniuma mpaka leo.

Sijafika kwenye ile pwani. Nimepewa nafasi mara moja, nikakataa, nikasingizia kazi. Nina hakika injini ikizimwa tu nitalala chini, na watu watanishangaa.

Siku ile tuliyofungua sanduku, nilimwambia Hooyo kwamba nilidhani Ayeeyo aliitupa kaseti zamani. Kwa desturi ingejibiwa, ikarudi kwa Abti. Nikaigeuza, nikaona vijimeno vya mgongoni vimevunjwa vyote viwili.

"Alivivunja mwenyewe, kwa kisu," Hooyo akasema. "Uliposafiri kusoma. Ulikuwa ukikaa mwezi bila kupiga simu, basi anaitoa, anaiweka kwenye redio, anasikiliza unavyopumua. Kila mara anaizima kabla pumzi hazijakoma. Nikamuuliza, mbona hufiki mwisho, si unajua sasa hakuna aliyekufa? Akaniambia hataki kufika pale unapotoka mbio."